Sekunde Kumi na Moja za Mwalimu Edigna

Kosa ni langu, na heri niliseme mapema kabla hamjanizoea. Hadithi hii nimeshaisimulia mara mbili, mara moja kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani na mara nyingine kwenye foleni ya kuchaji betri za trekta, na mara zote mbili niliivuruga. Nilisema Mwalimu Edigna Mligo hakujua. Nilisema aliponzwa na mitambo. Watu wakamsikitikia, mama mmoja akatoa leso, na mimi nikaongezewa soda ya pili. Soda ile sikuistahili. Edigna alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza, akapokea chupa ya chai na cheti, akaenda zake nyumbani. Sasa naanza upya, na safari hii soda kaeni nayo.

Ilikuwa mwanzo wa Agosti, na baridi ya Njombe haikuwa imeambiwa kwamba Julai imekwisha. Ukungu ulikuwa umekalia mapaa ya shule, sola zote zimelala, na Mwalimu Edigna, mwenye miaka hamsini na moja, sweta mbili mwilini, alikuwa anaandika swali ubaoni kwa chaki. Ndiyo, chaki. Mtu asiwadanganye kwamba miaka ijayo haina chaki. Vitu vingi vitakuja na vitu vingi vitaondoka, chaki itabaki inawapaka walimu unga.

Nyuma yake walikaa watoto arobaini na wawili wa darasa la saba, kila mmoja na dengu yake nyuma ya sikio la kulia. Dengu ni jina lililotoka kwa watoto wenyewe. Kwenye makaratasi ya mradi kiliitwa Kiongozi cha Tabia za Kufikiri, jina zito kuliko chenyewe, maana kilikuwa kidude cha ukubwa wa punje ya dengu kilichobandikwa kwenye ngozi. Mtoto akitaka kurukia jibu, dengu ilipata joto. Akitulia, akasoma swali mara mbili, akakagua kazi yake, ikapoa, na ikipoa ilimwachia raha fulani ndogo, kama ya kuvua kiatu kinachobana. Miaka mitatu hivyo, halafu dengu inabanduliwa. Kufikia hapo, walisema wataalamu, mtoto haihitaji tena. *Tabia Hubaki.* Maneno hayo yalichapwa mpaka kwenye kalenda iliyoning'inia ukutani, juu ya picha ya mtoto anayetabasamu kwa utaratibu.

Edigna akamaliza kuandika: *Mzee Ngole alivuna magunia 48 ya viazi. Akauza magunia 53. Alibaki na magunia mangapi?*

Alikusudia kuandika 84. Usiku hakuwa amelala vizuri, tarakimu zikapishana mlangoni. Bila kujua, akageuka kwenda kuipasha mikono yake kwenye chupa ya chai.

Darasa likatulia. Si utulivu wa watoto waliotishwa, huo angeujua. Kalamu zilikuwa juu, macho ubaoni. Sekunde zikapita. Halafu, kama watu walioambizana, vidole gumba arobaini na viwili vikasugua ubavu wa kidole cha shahada, mara mbili, pumzi arobaini na mbili zikashushwa, na kalamu zikaanza.

Alianza kusahihisha kwa daftari la mbele. *Magunia 5.* Akaweka vema, akasita, akatazama ubao. "Yesu wangu," akasema chinichini. Akachukua la pili. *Magunia 5.* La tatu, la nne, la kumi. Tano, tano, tano, kila moja imepigiwa mstari kwa rula.

Miaka mitatu nyuma darasa lingelipuka. Angetokea wa kusema Mzee Ngole kaiba kwa jirani. Na angeanza Osmunda, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaanza kila kitu. Osmunda Kihwele aliwahi kumsimamisha padri katikati ya mahubiri akamuuliza Nuhu aliwapa simba chakula gani siku zote zile. Aliwahi pia kumpasua mwenzake paji la uso kwa rula ya chuma, na shule mbili zilimkataa kabla ya hii. Sasa alikuwa amekaa dawati la pili, magoti pamoja, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Osmunda, njoo mama."

Akaja.

"Hapa umeandika nini?"

"Tano, Mwalimu."

"Mzee kavuna arobaini na nane. Kauza hamsini na tatu. Hayo ya ziada kayatoa wapi?"

Msichana akalitazama daftari. Edigna akajikuta anahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Ilipofika kumi na moja Osmunda akajibu.

"Hana pa kuyatoa, Mwalimu."

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona."

"Sasa mbona hukusema?"

Kidole gumba kikasugua ubavu wa kidole cha shahada, mara mbili. Pumzi ikashuka.

"Nilifikiri, nikaona tuishie hapo."

Edigna akakaa kwenye kiti. Maneno yale yalikuwa ya kwake. Alikuwa anayasema kila jioni anapofunga daftari la mwisho ambalo hajalisahihisha vizuri. Na kile kidole, ule msuguo mara mbili, ulikuwa wa kwake pia. Ndivyo alivyojipangusa chaki kwa miaka ishirini na sita.

*

Sasa tuingie kwenye kile nilichokificha kwenye kipaimara.

Dengu haifikiri yenyewe. Inalinganisha. Kichwa cha mtoto kina mikondo yake, dengu inaisikiliza na kuipima na mikondo ya mtu mmoja anayefikiri vizuri. Mtu huyo walimwita mfano. Kwa wilaya ile, shule sitini na tatu, mfano alikuwa Edigna.

Miaka minne kabla ya siku ya viazi, wataalamu walikusanya walimu thelathini kwenye ukumbi wa kituo cha walimu, wakawavalisha kofia za nyavu na kuwapa mafumbo siku tisa. Wengine walirukia majibu kama kuku kwenye pumba. Wengine walibishana na mashine. Edigna, kila swali, alinyamaza sekunde kumi na moja. Halafu alijibu, na mara nyingi alipatia. Likimshinda, aliliacha bila ugomvi.

"Mnaona?" alisema mtaalamu mmoja, karibu alie. "Anapima. Anatafakari. Anajua pa kusimama!"

Edigna alikuwa anapumzika.

Muhula ule walimu wawili walikuwa wamehamishwa na madarasa yao akayarithi yeye. Nyumbani mama yake alikuwa kitandani, wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asitoke vidonda. Edigna hakuwa na mahali pa kuweka kichwa ila hapo katikati ya swali na jibu. Sekunde kumi na moja, kichwani hamna kitu, giza safi. Na maswali aliyoyaacha hakuyaacha kwa busara. Hakuwa na nguvu ya kugombana nayo.

Siku ya tisa alisimama kusema ukweli. Kweli alisimama, na mdomo akaufungua. Ndipo wakaleta chupa ya chai, ya chuma, ya kutunza joto saa ishirini na nne, na watu wakapiga makofi, na mtu akasema hotuba fupi. Edigna akafikiri kidogo. Akaona tuishie hapo.

*

Kengele ya uji ikalia, watoto wakatoka kwa mstari usiopinda. Edigna akamzuia Osmunda.

"Kaa, uji wako nitamwambia mpishi akuwekee. Hebu niambie. Kuna kitu kingine umewahi kuona hakiko sawa, ukaona tuishie hapo?"

Sekunde zikapita.

"Kipo, Mwalimu."

"Kipi?"

"Jiko."

"Jiko gani, mwanangu?"

"La bibi. Juzi Jumanne baridi ilizidi. Bibi akaingiza jiko la mkaa chumbani tunapolala. Akafunga dirisha. Akaziba na chini ya mlango kwa gunia."

Edigna akahisi baridi ambayo sweta haizuii. "Lakini hilo nilikufundisha."

"Darasa la tano. Hewa ya mkaa haina harufu, unalala huamki. Nilipata ishirini kwa ishirini."

"Sasa ukamwambia bibi?"

"Nilifikiri."

"Halafu?"

"Halafu nikalala."

Alikuwa anaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea. Mjomba wake alikuja alfajiri kuchukua viazi vya mbegu, akabisha, kimya, akavunja mlango kwa bega. Osmunda alizindukia uani, kwenye umande. Bibi walimzindua kwa maji na kelele, na mpaka leo anasema kuta zinazunguka, akitembea anashika ukuta auambie usimame.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana, Mwalimu." Mtoto akagusa nyuma ya sikio lake, taratibu, kama anayehakikisha hereni ipo. "Lakini dengu ilikuwa imepoa. Ikipoa ndiyo umefikiri vizuri."

Edigna akamvuta, akamkumbatia, sweta mbili na kila kitu. Osmunda akakubali kukumbatiwa, mikono imenyooka ubavuni, akisubiri lipite.

*

Mwalimu Mkuu Batazari Ngimbudzi alikuwa mtu mnene mwenye roho nzuri, na asubuhi ile alikuwa ameanika soksi juu ya kipasha-joto cha ofisi.

"Karibu Mwalimu, usiogope hizo, zimefuliwa," alisema. "Umekuja kuniambia mpishi kaunguza uji tena?"

Edigna aliweka chupa yake ya chai mezani, akamweleza yote. Viazi, jiko, sekunde, na kofia ya nyavu. Aliposema *nilijua, Mkuu, nilijua wakati ule ule*, Ngimbudzi aliacha kugeuza soksi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka minne."

"Minne na miezi."

Mzee akakaa. Uso wake bila utani ulionekana kama nyumba iliyohamwa.

"Mtihani wa taifa umebaki wiki tano," akasema mwishowe.

"Najua."

"Mfano ni mali ya mwenye kichwa, ndivyo mkataba unavyosema. Siwezi kukuzuia. Ukitamka tu kwenye simu kwamba unauondoa, dengu zote zinazima, wilaya nzima. Lakini nisikilize kama kaka yako. Watoto hawa wamesoma miaka mitatu wameshikiliwa. Ukiwaachia ghafla wiki tano kabla ya mtihani, wataanguka kama maharage yaliyong'olewa miti. Na Osmunda? Umesahau ile rula?"

"Sijasahau."

"Atarudi kule."

"Huenda."

"Atafukuzwa. Shule ya nne hatapata."

"Huenda, Mkuu."

"Basi subiri. Tuwatangazie wazazi habari ya majiko, hata kanisani, hata msikitini. Wewe andika barua, kamati ikae."

"Kamati yetu ikikaa huwa haiinuki."

Ngimbudzi akacheka bila kutaka, akajifuta macho. "Edigna, hata mimi nimechoka. Nani hajachoka? Afadhali basi uchovu unaofaulu mtihani."

"Mimi na wewe tumechoka kwa kazi, Mkuu. Hawa tumewapa uchovu bila hata kuwapa kazi yenyewe. Wana miaka kumi na mitatu." Akajipangusa chaki ambayo haikuwepo, akaona anavyofanya, akaacha. "Leo tutatangaza jiko. Kesho itakuwa nini? Nyoka kwenye kuni? Mtu mzima anayemshika mtoto mkono njiani? Tutatangaza mangapi? Ataona, ataogopa, halafu kile kidude kitapoa na kumwambia amefikiri vizuri. Kwa kichwa changu. Kitamwambia kwa kichwa changu mimi."

"Wiki tano tu."

"Jioni thelathini na tano za baridi. Shule sitini na tatu. Wewe ndiye uliyesomea hesabu."

Mwalimu Mkuu hakuipiga hesabu hiyo. Alisukuma simu ya shule katikati ya meza, akageuza kiti chake kutazama dirishani, huko kwenye ukungu ambako hapakuwa na cha kutazama.

Edigna akaifungua. Jina lake, picha yake ya miaka minne nyuma na macho kama matundu mawili kwenye blanketi. Chini yake maandishi: *Ili kuondoa mfano, tamka kwa sauti yako.* Halafu kiduara cheupe kikaanza kupumua, kikingoja.

Akafungua mdomo.

Na sekunde zikaja. Zile zile. Giza safi, kichwani hamna kitu, hakuna Osmunda wala bibi wala wilaya. Lo, palikuwa pazuri pale! Nne. Tano. Aliwaza: *mtihani uishe kwanza.* Aliwaza: *mtu mmoja huwezi kubeba yote.* Nane. Tisa. Kidole gumba kikaanza safari yake kuelekea kidole cha shahada, na yeye akakitazama kama mtu anavyomtazama mgeni anayeingia nyumba ya jirani.

Akaukalia mkono. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwalimu daraja la kwanza, aliinua nyonga moja akauweka mkono wake wa kulia chini yake na kuukalia kwa uzito wote, kama mtoto anayeficha kipande cha muhogo.

"Mimi Edigna Mligo," akasema, "naondoa mfano wangu."

Kiduara kikasimama. *Sababu?* yakauliza maandishi.

"Nilikuwa nimechoka."

Simu ikafikiri. Halafu ikamshukuru kwa mchango wake.

Ngimbudzi aliendelea kutazama ukungu. "Unaweza kuinuka sasa," alisema, "mkono utakufa ganzi." Akamimina chai kutoka kwenye ile chupa ya zawadi, vikombe viwili. Ilikuwa bado ya moto. Kwa hilo wataalamu hawakudanganya.

*

Kesho yake asubuhi dengu zilikuwa zimekufa. Zilikuwa bado nyuma ya masikio, lakini hazikupata joto wala hazikupoa, ngozi tu juu ya ngozi. Watoto wawili watatu walikuwa wanazigusagusa. Edigna alikuwa amejiandaa kwa vurugu. Alilala nayo, ile vurugu, na usiku kucha aliitamani: madawati yanagongana, mtu analia, Osmunda na rula yake. Mpishi aliyekutana naye getini alimsalimu, "Kamwene, Mwalimu, mbona leo umevaa viatu vya kukimbilia?" na yeye akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Aliingia. Watoto wakasimama, wakasalimia, wakakaa.

Aliwaambia. Aliwaambia kwa maneno ya watoto lakini hakupunguza kitu. Kwamba kusubiri kabla ya kujibu ni jambo jema, na hilo walishike maisha yao yote. Lakini kusubiri kunataka mtu awe na kazi mle ndani, akiuliza, akigeuza jambo, akilichokonoa. Yeye mle ndani alikuwa analala tu. Wao walifundishwa usingizi wake wakaambiwa ndiyo akili. "Nilijua," alisema, "na sikusema. Naombeni radhi."

Wakamtazama. Walikuwa wasikivu sana.

Akageuka ubaoni, akaandika tena, kwa makusudi safari hii, herufi kubwa: *Mzee Ngole alivuna magunia 48 ya viazi. Akauza magunia 53.* Akaacha hapo. Akaweka chaki chini, akaja mbele ya dawati la kwanza, na kwa sababu miguu ilikuwa inauma akakaa pembeni ya dawati, kitu ambacho huwa anawakaripia watoto wakikifanya.

"Leo hakuna kujibu," akasema. "Leo naomba swali. Mtu yeyote aniulize swali moja. La huyu mzee, la mimi, la chochote. Hata la kijinga. La kijinga ndilo nalitaka zaidi."

Juu ya kichwa chake kalenda ya mradi ilikuwa inatikisika kidogo kwa upepo wa dirishani.

Moja, mbili, tatu. Alimtazama Osmunda. Osmunda alikuwa anasoma ubao, midomo inacheza, na katikati ya nyusi pametokea mkunjo mdogo ambao Edigna hakuwa ameuona kwa miaka mitatu. Saba. Nane. Mkunjo ukaongezeka. Mwalimu akainama mbele, akasahau miguu.

Kumi na moja.

Vidole gumba arobaini na viwili vikasugua ubavu wa vidole vya shahada, mara mbili, na pumzi zikashuka. Hakuna dengu iliyoviambia.

"Osmunda," Mwalimu Edigna akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa darasa la ukubwa ule, "niulize Nuhu aliwapa simba chakula gani. Nakuomba, mama. Niulize."